Sahihi ya Mpundu

Kafutuma, Jumapili 4 Novemba 1973

Mvua ya kwanza imenyesha leo wakati wa misa. Mama anasema mabati ya kanisa yalipiga kelele hata padri akakaa chini kungoja. Mimi sikuwepo. Tangu nitoke hospitali sijaenda kanisani, kwa kuwa watu huutazama mguu usiokuwepo kuliko ule uliopo.

Daftari hili ni la chuo. Kurasa za mbele zimejaa sheria ya mikataba, kwa hiyo nimeligeuza nianzie nyuma. Naandika Kiswahili kwa sababu Febby, dada yangu mdogo, anasoma Kibemba na Kiingereza tu, na hakuna karatasi katika nyumba hii ambayo hajaipekua. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na babu mzaa mama, katekista wa Kilwa, si ile ya baharini bali hii ya ng'ambo ya ziwa, nchi nyingine.

Nieleze mara moja nisirudie. Mwezi wa saba nilipanda lori la samaki kutoka Mununga kuja nyumbani likizo. Lilipinduka. Madaktari walinikata mguu wa kulia chini ya goti. Chuo kimeniandikia kwamba nafasi yangu ya kuuanza upya mwaka wa pili wataniwekea hadi Jumatatu tarehe 11 Machi, ila mguu wa bandia na chumba kisicho na ngazi havimo katika uwezo wao. Niombe hazina ya vilema huko Lusaka, kupitia boma, ofisi ya wilaya, ya Nchelenge. Nikiipata barua ya hazina kabla ya tarehe hiyo, nasoma. Nisipoipata, nafasi anapewa mwingine, na mimi nabaki hapa kufukuza kuku kwenye chisense, dagaa wetu, walioanikwa mchangani.

Jumanne 6 Novemba

Mvua.

Jumatano 7 Novemba

Amekuja yule mtu. Kaka zangu wa ukoo wanamwita ba Mpundu, Febby anamwita Tata, yaani baba, na mama, akiwa na hasira, anamwita Nkonde, jina alilozaliwa nalo. Mimi simwiti kitu. Nikimtaka nakohoa.

Ni mdogo wake baba, tumbo moja. Baba alipokufa Aprili mwaka jana, ukoo ulikaa kama unavyokaa siku zote, kwa sababu kwetu mtu mzima akifa jina lake haliachwi lizurure. Walimkalisha Nkonde kwenye mkeka, wakamnywesha maji katika kikombe cha baba, wakamvika mkanda wa baba, na kuanzia asubuhi ile yeye ndiye Mpundu. Kibemba tunaita ukupyana. Mama alikataa kurithiwa, akaachwa huru na biashara yake ya samaki. Jina likaenda, na baiskeli ikaenda, na watoto tukaenda.

Mimi nilikuwa chuoni. Niliporudi nikakuta baba mpya amekaa kwenye kiti cha baba, miguu imenyooshwa, akicheka kwa sauti ya kwake mwenyewe. Alifanya kazi miaka kumi kwenye migodi ya Elisabethville, ng'ambo, na bado anasema Kiswahili cha kule, kwa kuwa anaona Kibemba ni cha kuombea chumvi na Kiswahili ni cha maneno makubwa.

Leo amesema:

— Mutoto yangu, siku ya kwanza tutaenda ku boma. Miye njo nitakupeleka na kinga.

Siku ya kwanza ni Jumatatu, na kinga ni baiskeli. Nikamwambia mtoto wake hayupo hapa. Akacheka tu. Mtu huyu ukimtukana anafikiri unamtania.

Jumatatu 12 Novemba

Tumekwenda boma. Nimekaa nyuma ya baiskeli, magongo mapajani, mikono kiunoni mwake, juu ya mkanda wa baba.

— Bon, shika nguvu. Ukianguka, mama yako atanipika na nyanya.

Alisema njia nzima. Alinieleza bei ya suruali Elisabethville mwaka 1956, na habari za mzungu mmoja aliyefuga mamba. Karani wa boma, Bwana Kafula, ni mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Fomu zimekwisha. Turudi baada ya wiki mbili.

Jumatatu 19 Novemba

Niliamka kwa mlio wa shoka. Nikatoka kwa magongo nikamkuta yule mtu anaukata mtumbwi wa baba.

Mtumbwi ule ulipasuka zamani, umelala nyuma ya nyumba kifudifudi. Baba ndiye aliyeuchonga. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimwita mwizi. Nikamwambia alikula jina, akala baiskeli, sasa anakula na kuni. Alisimama na shoka mkononi, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

— Mutumbwi hii inalala miaka mingi, inakunywa tu mvua. Iko na kazi gani? Wee njo uko na kazi. Hapa mbele mbao ni ngumu, haitaoza. Minatafuta kukuchongea muguu.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa anapepeta unga. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba hata baba yangu hangelifikiria jambo hilo, na kwamba hasemi hivyo kwa furaha.

Jumatatu 26 Novemba

Boma tena. Fomu zimefika, kurasa sita, kila moja na nakala yake. Lakini barua ya daktari wa misioni imetushinda. Daktari, mtu mwema, ameandika mwishoni kwamba "mgonjwa anaendelea vizuri". Kafula amegonga sentensi ile kwa kalamu.

— Anayeendelea vizuri hasaidiwi, mukwai.

Kwa hiyo nirudi hospitali nikaombe niandikiwe kwamba siendelei vizuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Njiani tairi limepasuka mara mbili.

Jumatatu 3 Desemba

Mama amevuka kwenda Kilwa na magunia kumi ya chisense. Siku tano, amesema.

Jumamosi 8 Desemba

Mguu umekwisha. Ni kigogo tu, chini kimeviringwa, juu kimechimbwa kama bakuli na kutandikwa ngozi ya mbuzi. Unafungwa pajani kwa mpira wa tairi la ndani. Alinipima kwa kamba ya wavu, akiweka fundo kila alipotaka kukumbuka, kama wanavyopima mtumbwi. Nilisimama nao nikahesabu hadi kumi na tano, halafu nikaanguka juu ya jiko la mkaa. Febby alicheka akalia.

Damu imetoka kwenye kovu. Yeye akachukua patasi, akachimba tena ndani, akapuliza unga wa mbao, akanivalisha. Mara nne leo. Sikumshukuru.

Jumatano 12 Desemba

Mama bado. Mvuvi mmoja anasema wanajeshi wa Kilwa wamemzuia kwa sababu kitambulisho chake kimeandikwa Angèle. Ng'ambo majina ya kizungu yamekatazwa tangu mwaka jana. Kila mtu ajitafutie la mababu. Hapa bado ni Angèle, kule ni mhalifu.

Alhamisi 13 Desemba

Nimetembea kutoka mlangoni hadi chooni bila gongo.

Jumatatu 17 Desemba

Siku hii lazima niiandike yote.

Kafula alikuwa ametuma neno kwamba maombi yote ya mwaka yanakwenda Lusaka na gari la kesho asubuhi. Tukilikosa, lingine ni Februari. Barua mpya ya daktari ninayo. Barua ya chifu ninayo. Kilichobaki ni sahihi ya mzazi mbele ya karani, na mama yuko mikononi mwa wanajeshi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Tulitoka kabla ya kupambazuka. Kijito cha katikati ya njia kilikuwa kimekuwa mto, magogo ya daraja yamekwenda. Watu watatu wa soko walikuwa wamekaa ukingoni wakisubiri maji yapungue, na walituambia tukae nao. Yeye akayatazama yale maji. Akavua kofia, akaikunja fomu ndani ya nailoni, akaiweka kichwani, akairudisha kofia juu yake. Akaniambia niuvue mguu nimwachie mmoja wa wale watu pamoja na baiskeli. Kisha akainama.

— Panda.

Mimi nina miaka ishirini na miwili. Nilipanda mgongoni mwake. Katikati maji yalimfika kifuani, na nilihisi miguu yake inatafuta chini kwa vidole, jiwe kwa jiwe, na pumzi yake inakatika. Ni mtu wa miaka hamsini. Mara moja aliteleza, tukazama hadi mabegani, na mkono wake mmoja haukwenda kushika kitu chochote cha kumwokoa. Ulikwenda kwenye kofia.

Ndipo nikasema. Sikupanga. Nilisema: "Tata, tuzunguke kushoto, kuna mti." Akazunguka kushoto. Hakusema lolote juu ya neno lile, mtu ambaye hana jambo asilolisema. Tulipotoka alinikalisha kwenye majani, akarudi kuvusha mguu, akarudi tena kuvusha baiskeli, na aliporudi mara ya mwisho macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikaona heri niseme ni maji ya mto.

Tulifika boma saa sita tumelowa chapachapa. Kafula alitupa viti. Ukurasa wa nne, mstari wa kwanza: Jina la baba. Mstari wa pili: Sahihi ya baba. Kafula akamsogezea kalamu akasema, "Hapa, ba Mpundu," kama anavyosema kila mtu wa pwani hii. Tata akatoa ulimi kidogo, akaandika MPUNDU, herufi moja moja, jinsi Febby alivyomfundisha. Zamani alikuwa haandiki kitu. Hili ndilo neno pekee analoliandika. Kafula akagonga muhuri.

Nilitazama yote haya kwa macho yangu. Nilifurahi. Njia ya kurudi nilimwomba anisimulie tena habari ya mamba wa mzungu.

Jumamosi 22 Desemba

Mama amerudi, amekonda. Walimwachia alipokubali kuandikwa jina la bibi yake. Amesema, akivua kitambaa:

— Banasema andika Mwamba, minaandika Mwamba. Jina haiumi. Njaa njo inauma.

Krismasi

Nimekwenda kanisani. Nimetembea mwenyewe hadi benchi la tatu, tap, tap, kila mtu amegeuka. Tata alikaa kando yangu ameinua kidevu kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa na pia ndiye aliyeujenga ule ukuta wa kanisa. Mimi pia niliinua kidevu.

Jumanne 1 Januari 1974

Mvua. Samaki ghali. Tumekula ubwali, ugali wetu, na majani.

Jumatano 9 Januari

Hakuna barua.

Jumatano 16 Januari

Hakuna barua. Tata amekwenda boma peke yake kuuliza, amerudi na homa.

Jumatatu 21 Januari

Barua imekuja. Naiandika kama ilivyo, kwa sababu nikiisimulia nitaipunguza makali:

"Katika fomu yako ya karo ya chuo ya Mei 1972 ulitaja kwamba baba yako, Mpundu, amefariki tarehe 9 Aprili 1972, ukaambatisha cheti cha kifo. Katika ombi lako la Desemba 1973, Mpundu huyohuyo ametia sahihi mbele ya karani wa wilaya. Ombi limesimamishwa. Eleza."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijiona nimekaa pale boma nimelowa, mwanafunzi wa sheria, natazama marehemu anatia sahihi, na moyoni nafurahi. Kafula naye alitazama, na muhuri wa serikali mkononi. Kwa watu wa hapa Mpundu alikuwa hai na amekaa kitini. Hakuna aliyedanganya. Ile Mei niliandika kweli, na ile Desemba niliandika kweli, na kweli hizo mbili zimekutana Lusaka katika faili moja.

Nilimsomea Tata. Akauliza:

— Alors, banasema miye nilikufa ao banasema niko muongo?

Nikamwambia wanauliza tu.

Jumatatu 28 Januari

Nimepeleka maelezo, kurasa tatu. Nimeeleza ukupyana, mkeka, kikombe, mkanda. Nimeandika kwa Kiingereza kizuri kuliko nilichowahi kuandika chuoni. Kafula aliyasoma yote akitikisa kichwa. Alisema kwa Kibemba kwamba wakubwa wa Lusaka nao wamerithi wajomba zao, kila mmoja wao, na wanaijua desturi kuliko mimi. "Lakini faili," akasema, "faili haipyani, hairithi jina la mtu." Ameogopa. Muhuri ni wake.

Februari, sijui tarehe

Mvua. Mvua. Tata anakohoa. Mpira wa mguu umekatika, ameweka mwingine.

Jumatatu 18 Februari

Jibu. Fupi. "Mila si hati. Jibu ndiyo au hapana kwa kiapo mbele ya karani: je, aliyetia sahihi ni baba yako mzazi? Kama hapana, mtu huyo afikishwe kwa hakimu wa wilaya, na sahihi ya mama itachukuliwa badala yake. Mwisho wa kupokea: 1 Machi."

Mama alisema kabla sijamaliza kusoma.

— Andika hapana. Siku moja tu. Miye hawakunibadilisha jina? Minakufa? Hakimu atamusemesha kidogo, atamuachia. Wee utasoma.

Febby akasimama, miaka kumi na mitano, akamgeukia mama:

— Mwe mayo, uyu ni Tata. Ukisema si Tata, Tata anakufa tena. Atalala wapi?

Nilimtazama Tata. Alikuwa anakwangua kinu kipya kwa kipande cha chupa, anakwangua tu.

— Mutoto, ile Kiswahili unaandikaka kila siku mu kitabu, unaniandikaka namna gani?

Nikasema naandika Tata. Tangu Desemba.

— Bon. Mu yako kitabu andika vile. Mu yao kitabu andika vile banataka.

Nataka iandikwe hapa kwamba nilitafuta njia nyingine, usiku huo na kesho yake, na kwamba sikutafuta sana. Nilikuwa nahesabu siku hadi tarehe 11 Machi.

Jumatano 20 Februari

Boma. Kafula alikuwa ameshachapa kiapo kwa mashine. Watu wa ukoo wawili waliitwa kuwa mashahidi, wazee wale wale waliomkalisha kwenye mkeka. Kafula akasoma kwa sauti:

"Mimi, Chisenga, naapa kwamba baba yangu Mpundu alikufa tarehe 9 Aprili 1972, na kwamba mtu aliyetia sahihi kwa jina hilo si baba yangu, wala hana haki ya jina hilo."

Maneno ya mwisho Lusaka hawakuyaomba. Kafula aliyaongeza mwenyewe ili muhuri wake uokoke. Nilijua. Nimesoma sheria mwaka mzima na nusu, najua neno lililoombwa na neno lililoongezwa. Ningesema, "Yafute," angeyafuta, maana alikuwa ameshika kalamu tayari na ananitazama mimi. Niliwaza: akikichapa upya, gari la posta la saa tisa litatuacha. Nikatia sahihi.

Mama akatia yake. Kisha Tata akaambiwa atie yake, kwa jina lake la kweli. Hajui kuandika Nkonde. Kafula akafungua kidau cha wino, akamshika kidole gumba, akakibonyeza.

Mmoja wa wazee alitema mate nje ya mlango, akaenda zake bila kuaga.

Yeye akafuta kidole kwenye ukuta. Akafungua mkanda, akauvuta polepole kutoka kwenye suruali, akauviringa, akauweka mezani mbele yangu juu ya kiapo.

— Hii ni ya marehemu.

Tukarudi Kafutuma kwa miguu, kwa sababu hakutaka kuipanda baiskeli. Aliisukuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika suruali isianguke. Mimi nilikuwa nyuma, tap, tap, juu ya mguu wake. Nilimwita mara mbili, "Tata." Pengine mvua ilimzuia kusikia.

Alhamisi 21 Februari

Amehamia kwenye kibanda cha nyavu. Baiskeli ameiegemeza kwenye ukuta wetu. Febby hanisemeshi.

Jumatatu 25 Februari

Hakimu ni mtu wa huku huku, wa Chienge. Nilidhani atacheka, atamwachia, na hata uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta njia ya kumwachia. Alimwuliza kwa Kibemba, taratibu, kama anayempa mtu kamba:

— Mukwai, jina lako ni nani?

Angejibu Mpundu, hakimu angesema, aa, hii ni ukupyana, na labda mambo yangeisha. Watu wote walijua hivyo. Mama alinishika mkono. Lakini angejibu Mpundu, kiapo changu kingekuwa uongo, na faili langu lingefungwa. Alilijua hilo, asiyejua kusoma. Alisimama na kamba ya wavu kiunoni badala ya mkanda.

— Nkonde.

Hakimu akauliza mara ya pili. Akajibu vile vile, kwa sauti zaidi. Wiki sita gerezani, kwa kujifanya mtu aliyekufa mbele ya serikali.

Mama alilia njia nzima. Mwanamke huyu aliyemwita Nkonde kwa hasira miaka miwili, leo amelia akisema "ba Mpundu, ba Mpundu," na watu njiani wakatupisha kama wanavyopisha wafiwa.

Jumatano 27 Februari

Mama amepeleka ubwali na samaki wa kuchoma gerezani. Wamepokea chakula, hawakumruhusu kuingia.

Mkanda umetundikwa kwenye msumari. Hakuna anayeugusa. Wazee wamesema hawatakaa tena kumchagua mtu mwingine. Mtoto mwenyewe amelitupa jina, basi liwe limetupwa. Usiku Febby anaweka kikombe cha maji karibu na mlango. Sikumwuliza kwa nini. Najua anamwogopea baba aliyekufa, anayenyeshewa huko nje bila mtu wa kukaa ndani yake.

Jumanne 5 Machi

Ombi limekubaliwa. Mguu wa bandia, chumba cha chini, miaka mitatu. Kafula mwenyewe ameleta barua kwa baiskeli, amevuka kijito, viatu mkononi. Alitaka nimpe mkono. Nimempa.

Nilitegemea nitafurahi hata kidogo. Nimekaa nayo mpaka giza, nikitazama mstari wa juu, pale walipojaza kwa mashine: Baba, marehemu.

Alhamisi 7 Machi

Nimefunga mizigo. Nimekwenda gerezani kuaga, askari akasema wafungwa wako kazini barabarani.

Ijumaa 8 Machi, ndani ya basi

Naandika huku linatikisika.

Mama alinisindikiza hadi kituo. Febby hakuja, ila nimekuta mfuko wa karanga ndani ya sanduku langu, na karanga hizo hakuna mwingine wa kuziweka.

Nje kidogo ya Nchelenge basi lilisimama nyuma ya lori lililonasa matopeni. Kando ya barabara wafungwa walikuwa wanafyeka nyasi, kama kumi hivi, kaptula nyeupe, mgongo wazi, na askari mmoja amekaa kwenye jiwe chini ya mwavuli. Nilimtambua kwa kikohozi. Alikuwa hatua sita kutoka dirishani, ametupa mgongo.

Nikaita, "Tata!"

Wafungwa watatu wakageuka. Yeye akaendelea kufyeka. Nikaita tena, kwa nguvu, mpaka abiria wakaanza kunitazama. Nikaita, "Ba Mpundu!" Panga likapanda, likashuka, likapanda. Dereva wa lori akawasha injini, matairi yakaanza kushika, na nikajua basi litaondoka.

Nikaita, "Nkonde!"

Akageuka hapo hapo, kama mtu yeyote aitwaye jina lake. Alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amekonda. Hakunitazama machoni, alitazama chini ya dirisha, mahali ambapo mguu ungekuwa, kana kwamba bati la basi lingemwonyesha.

— Ile mupira inashika muzuri, bwana?

Nikamjibu inashika. Askari akamwita, akarudi kwenye nyasi, na basi likaondoka.